Walter Camp

Walter Chauncey Camp (New Britain, Connecticut, 7 Aprili 1859 – New York, 14 Machi 1925) alikuwa mchezaji, kocha, mwandishi na mtunga kanuni wa futiboli ya Marekani. Mara nyingi huitwa baba wa futiboli ya Marekani, kwa sababu ndiye aliyependekeza mabadiliko yaliyoutenga mchezo huo na raga ya Uingereza. Maisha yake yote yalihusiana na chuo cha Yale mjini New Haven, na hivyo pia na ushindani mkali kati ya Yale na Harvard, ambao ni miongoni mwa ushindani wa zamani zaidi katika michezo ya vyuo vya Marekani.

Msomaji wa Afrika Mashariki akumbuke kwamba futiboli inayozungumziwa hapa si soka. Ni mchezo wa kubeba mpira wenye umbo la yai kwa mikono, kukimbia nao, kuurusha na kuupiga teke, huku wapinzani wakijaribu kumwangusha mwenye mpira. Zamani za Camp wachezaji walivaa kinga chache sana, na wengi hawakuvaa kofia ngumu kabisa.

Utoto na elimu

Camp alizaliwa New Britain akiwa mtoto wa Leverett Lee Camp, aliyekuwa mwalimu, na mke wake Ellen Cornwell. Familia ilihamia New Haven, na kijana huyo akasoma shule ya Hopkins, ambayo ilikuwa ikiwaandaa wavulana kwa ajili ya Yale. Mwaka 1876 alijiunga na chuo hicho akiwa na umri wa miaka 17. Alihitimu mwaka 1880, kisha akaingia shule ya udaktari ya Yale lakini hakumaliza masomo hayo. Kwa kuwa kanuni za wakati ule ziliwaruhusu wanafunzi wa udaktari kuchezea timu ya chuo, Camp aliendelea kuwa mchezaji hadi mwaka 1882. Aliwahi kuwa nahodha, na pamoja na futiboli alicheza besiboli, akapiga makasia na kuogelea.

Hali ya mchezo kabla yake

Ili kuelewa kazi ya Camp ni lazima kujua jinsi mambo yalivyokuwa mwanzoni. Mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza kati ya vyuo vya Marekani ilichezwa tarehe 6 Novemba 1869 kati ya Rutgers na Princeton. Ilifanana zaidi na soka: wachezaji hawakuruhusiwa kubeba mpira na kukimbia nao. Mwaka 1873 Yale, Princeton, Rutgers na Columbia walikutana na kukubaliana kanuni za aina hiyo. Harvard hawakushiriki, kwa sababu nyumbani kwao walikuwa na mchezo wao ulioruhusu kushika mpira, na hawakutaka kuuacha.

Harvard wakajikuta hawana wa kucheza nao. Mwaka 1874 waliwaalika wanafunzi wa McGill kutoka Montreal, Kanada, na hao wakaja na raga. Harvard wakaipenda mara moja. Mwaka uliofuata waliishawishi Yale kucheza nao kwa kanuni za mapatano, ambazo kwa kweli zilikuwa karibu kabisa na raga. Mechi ilichezwa New Haven tarehe 13 Novemba 1875, kila upande ukiwa na watu 15, na Harvard ikashinda kwa magoli 4 bila jibu. Hiyo ndiyo mechi ya kwanza ya watani hawa wa jadi. Yale walifungwa vibaya, lakini wakaupenda mchezo uliowafunga.

Kijana wa miaka 17

Camp aliingia Yale mwaka mmoja baada ya kipigo hicho. Mechi ya pili ilifanyika New Haven tarehe 18 Novemba 1876, naye akapangwa katika kikosi. Inasimuliwa kwamba nahodha wa Harvard, Nathaniel Curtis, alipomwona mvulana yule mwembamba alimwuliza mwenzake wa Yale, Eugene Baker, kama kweli anakusudia kumchezesha mtoto, na Baker akamjibu kwamba Camp ni mdogo wa umri lakini ana moyo na mwili mkakamavu. Simulizi hiyo ilisambazwa na watu wa Yale, basi isomwe hivyo. Yale walishinda kwa goli 1 la teke, ingawa Harvard walikuwa wamefikisha mpira chini mara mbili nyuma ya mstari wa wapinzani wao. Siku hizo jambo hilo peke yake halikuhesabiwa kuwa ushindi. Kilichohesabiwa ni goli.

Katika mechi hiyo kila upande ulikuwa na watu 11, kama Yale walivyotaka. Harvard walipendelea 15 kama katika raga. Swali hilo dogo la idadi likawa ugomvi halisi: mwaka 1877 vyuo viwili havikukubaliana, na mechi haikuchezwa kabisa. Camp alikuwa upande wa watu 11 na hakuuacha. Kuanzia mwaka 1878 alihudhuria mikutano ya kanuni akiwa mjumbe wa Yale, na kila mara alirudi na hoja ileile. Alikataliwa, akarudi tena.

Mtunga kanuni

Mikutano hiyo ilifanyika hasa katika hoteli ya Massasoit House mjini Springfield, Massachusetts, mji ulio kati ya New Haven na Boston. Mwaka 1880 wajumbe walikubali mapendekezo mawili ya Camp. La kwanza lilikuwa idadi ya wachezaji 11. La pili lilikuwa na uzito zaidi. Katika raga mpira huwekwa katikati ya kundi la wachezaji wanaosukumana, na hakuna ajuaye utatoka upande gani. Camp alipendekeza kwamba timu moja iwe na haki ya kumiliki mpira: mchezaji wa katikati aurudishe nyuma kwa mguu, mwenzake aupokee na kuupeleka kwa wengine. Huyo mpokeaji akaitwa kwotabeki. Tangu siku hiyo timu iliweza kupanga kabla ya kila hatua nini itafanya, na mchezo ukawa pia kazi ya akili ya kocha.

Lakini kanuni hiyo ilikuwa na tundu. Kama timu ina haki ya kuendelea kumiliki mpira, hakuna kinachoilazimisha kusonga mbele. Princeton walilitambua hilo, na Yale vilevile. Walipokutana mwaka 1881 Princeton walikaa na mpira kipindi chote cha kwanza bila kujaribu lolote la maana, na Yale wakafanya vivyo hivyo kipindi cha pili. Matokeo yakawa sare tasa, na watazamaji wakakasirika. Mwaka huohuo Yale walihesabiwa washindi dhidi ya Harvard bila upande wowote kufunga, kwa sababu tu Harvard walikuwa wamelazimika mara nyingi zaidi kuuweka mpira chini katika eneo lao wenyewe.

Jibu la Camp lilikuja mwaka 1882. Timu ilipewa majaribio matatu ya kusonga mbele yadi 5, au sivyo iwaachie wapinzani mpira. Ili mwamuzi aweze kupima, uwanja ulichorwa mistari ya chokaa kila baada ya yadi 5, ukaonekana kama wavu wa kuchomea nyama; ndiyo asili ya jina ambalo Wamarekani wanauita uwanja wao hadi leo. Mwaka 1883 alisaidia kuanzisha hesabu ya alama: 5 kwa goli la teke, 4 kwa teke linalofuata baada ya kufikisha mpira, 2 kwa kufikisha mpira chini nyuma ya mstari, na 1 kwa kumlazimisha mpinzani ajiokoe katika eneo lake. Thamani hizo zilibadilishwa mara nyingi baadaye, lakini wazo la kuhesabu alama lilibaki.

Si kila alichokibuni kilileta heri. Mwaka 1888 kamati iliruhusu kumkaba mchezaji chini ya kiuno hadi magotini. Mkimbiaji mmoja peke yake sasa aliangushwa kwa urahisi, kwa hiyo timu zilianza kumzungushia wenzake wengi na kusukuma kwa pamoja mahali pamoja. Kanuni ya yadi 5 nayo ilichochea hilo, kwa kuwa yadi 5 zinaweza kupatikana kwa kusukuma tu. Mchezo ukawa msongamano wa miili, na ndani ya msongamano huo mwamuzi hakuweza kuona ngumi wala viwiko.

Kocha asiyelipwa

Camp hakuishi kwa futiboli. Alifanya kazi katika kampuni ya saa ya New Haven Clock Company, akapanda ngazi hadi kuwa rais wa kampuni mwaka 1903. Tarehe 30 Juni 1888 alimwoa Alice Graham Sumner, dada wa mwanasosholojia William Graham Sumner aliyekuwa profesa maarufu wa Yale. Walizaa watoto wawili, Walter na Janet.

Mwaka huohuo wa ndoa ndipo Camp alipoanza kuhesabiwa kuwa kocha mkuu wa Yale, na hapa mke wake anastahili kutajwa zaidi kuliko anavyotajwa kwa kawaida. Saa za mazoezi zilikuwa saa za kazi za mumewe. Kwa hiyo Alice ndiye aliyekwenda uwanjani mchana, akatazama mazoezi na kuandika alichokiona. Jioni nahodha na wachezaji walifika nyumbani kwao, na Walter akatoa maelekezo kwa kutumia taarifa hizo. Timu ya mwaka 1888, iliyokuwa na Amos Alonzo Stagg na William Heffelfinger, ilishinda mechi zote 13, ikapata alama 698 bila kufungwa hata moja.

Hadi alipoacha ukocha mkuu mwishoni mwa msimu wa 1892, Yale ilikuwa imeshinda mechi 67 chini yake na kupoteza 2 tu. Moja ya hizo mbili ilikuwa dhidi ya Princeton mwaka 1889. Nyingine ilikuwa dhidi ya Harvard mwaka 1890, ambapo Harvard walishinda 12–6. Ulikuwa ushindi wao wa kwanza dhidi ya Yale tangu ile mechi ya 1875. Miaka 15 ya kusubiri inaeleza kwa nini mechi hiyo ilichukuliwa Cambridge kama jambo la heshima ya chuo kizima.

Camp alifundisha pia timu ya Stanford, California, mwishoni mwa mwaka 1892, halafu tena 1894 na 1895. Huko aliongoza timu katika miaka ya mwanzo ya ushindani mwingine mkubwa, ule wa Stanford na Chuo Kikuu cha California.

Kabari ya Harvard

Tarehe 19 Novemba 1892, mjini Springfield, Harvard walianza kipindi cha pili kwa njia ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Wachezaji wao walijigawa makundi mawili mbali nyuma ya mpira, wakakimbia kwa kasi kutoka pande mbili, wakaungana kuwa kabari yenye mkimbiaji ndani yake, na kabari hiyo yote ikamwangukia mchezaji mmoja wa Yale. Mbunifu wake alikuwa Lorin Deland, mfanyabiashara wa Boston mpenzi wa sataranji na wa historia ya vita, ambaye hakuwahi kucheza futiboli maishani mwake. Yale walishinda mechi, 6–0, lakini kila chuo kikaiga kabari hiyo msimu uliofuata, na majeruhi wakaongezeka. Ilipigwa marufuku mwaka 1894.

Camp hakuweka kinyongo na Deland. Miaka minne baada ya mechi ile waliandika pamoja kitabu cha mbinu za futiboli, mmoja mtu wa Yale na mwingine mshauri wa Harvard.

Springfield, 1894

Mechi ya tarehe 24 Novemba 1894, iliyochezwa Hampden Park mjini Springfield, ndiyo iliyovunja kabisa uhusiano. Yale walishinda 12–4, lakini alama hizo hazikumbukwi na wengi. Kinachokumbukwa ni majeruhi. Edgar Wrightington wa Harvard alivunjika mfupa wa mtulinga baada ya kugongwa na nahodha wa Yale, Frank Hinkey, na watu wa Harvard walishikilia kwamba pigo lilikuja mchezo ukiwa umeshasimama. Frank Butterworth wa Yale aliumizwa jicho. Fred Murphy wa Yale alipoteza fahamu, na uvumi ukaenea mjini kwamba amekufa. Hakufa, lakini magazeti ya siku zile hayakusubiri kuhakikisha. Mechi ikapachikwa jina la umwagaji damu wa Hampden Park.

Walimu wa Harvard walipiga kura futiboli ikomeshwe chuoni. Wakuu wa chuo hawakuifuata kura hiyo, lakini Harvard na Yale hawakucheza mwaka 1895 wala 1896. Mwaka huohuo wa 1894 mechi ya wanajeshi wa nchi kavu na wa majini nayo ilisimamishwa kwa sababu ya fujo za mwaka uliotangulia, isirudi hadi 1899. Harvard na Yale walikutana tena mwaka 1897 mjini Cambridge, wakatoka sare 0–0.

Camp alijibu malalamiko kwa takwimu. Mwaka 1894 alitoa kitabu kilichokusanya majibu ya wachezaji wa zamani na walimu kuhusu madhara ya mchezo, na majibu mengi yalisema kwamba futiboli imewafaa. Wanahistoria waliochunguza karatasi zake baadaye wameonyesha kwamba sehemu ya majibu yaliyoupinga mchezo hayakuingizwa kitabuni. Ni doa katika jina lake, na halina maelezo mazuri. Camp aliamini kwa dhati kwamba futiboli hujenga tabia ya kiume. Inawezekana aliona majibu yasiyokubaliana naye kuwa ya watu walioshindwa, siyo ushahidi.

Mwaka 1905

Miaka kumi baadaye hoja zote hizo zilirudi kwa nguvu mpya. Charles Eliot, rais wa Harvard, alikuwa mpinzani wa futiboli kwa muda mrefu. Kwa upande mwingine rais wa nchi, Theodore Roosevelt, aliyehitimu Harvard mwaka 1880, aliupenda mchezo na hakutaka ufe. Tarehe 9 Oktoba 1905 aliwaita Ikulu wawakilishi wa Harvard, Yale na Princeton. Camp alikuwepo kwa niaba ya Yale, na kocha kijana Bill Reid kwa niaba ya Harvard. Roosevelt aliwataka wasimamie mchezo wa haki. Wajumbe waliandika tamko la kuahidi kufuata kanuni kwa herufi na kwa roho, wakalitia sahihi.

Ahadi hiyo haikudumu hata msimu mmoja. Tarehe 25 Novemba 1905, katika uwanja wa Harvard, Francis Burr wa Harvard alikuwa ameonyesha ishara kwamba anaudaka mpira wa juu bila kukimbia nao, jambo ambalo kwa kanuni lilimlinda asiguswe. James Quill wa Yale alimgonga usoni, na Burr akavunjika pua. Mwamuzi Paul Dashiell hakutoa adhabu. Yale walishinda 6–0, na hasira ya Boston ikafika hadi kwa Roosevelt mwenyewe. Wiki moja kabla, mtoto wake aliyekuwa mwaka wa kwanza Harvard alikuwa ameumizwa katika mechi ya vijana dhidi ya Yale.

Siku ileile ya mechi ya Burr, mchezaji wa Union College, Harold Moore, alikufa kutokana na jeraha alilolipata wakicheza na Chuo Kikuu cha New York. Gazeti la Chicago Tribune lilihesabu vifo 18 katika futiboli ya ngazi zote nchini msimu ule, wengi wakiwa vijana wa shule na timu za mitaani. Henry MacCracken, mkuu wa Chuo Kikuu cha New York, aliitisha mkutano wa vyuo, na tarehe 28 Desemba wajumbe wa vyuo zaidi ya 60 wakaunda chama kipya. Chama hicho ndicho kilichokuja kuwa NCAA, kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani hadi leo.

Kwa Camp huo ulikuwa msukosuko wa aina mbili. Kwanza, magazeti yalikuwa yamefichua kwamba Yale ilikuwa na akiba ya michezo ya takribani dola 100,000, iliyosimamiwa na yeye bila wengi kujua, na kwamba nahodha mmoja wa Yale alipewa manufaa ya kibiashara ambayo kwa mwanafunzi wa kawaida yasingewezekana. Camp hakuwahi kupokea mshahara wa ukocha, na alijivunia hilo; wakati huohuo Reid wa Harvard alilipwa dola 7,000, karibu sawa na rais Eliot. Lakini mtu asiyelipwa anaweza kuwa na mamlaka makubwa kuliko anayelipwa, na wakosoaji wake walilisema wazi.

Pili, kamati ya zamani ya kanuni, ambayo Camp alikuwa kiongozi wake kwa miaka mingi, ililazimika kuungana na kamati ya chama kipya mwezi Januari 1906. Harvard walitishia kuacha futiboli kabisa kama mageuzi yao hayatakubaliwa. Reid alihamia upande wa kamati mpya, na ndiye aliyechaguliwa kuwa katibu wa kamati ya pamoja, nafasi iliyokuwa ya Camp. Hivyo mtu wa Harvard alimng'oa mtu wa Yale kwenye meza ya kanuni, bila mpira kuguswa.

Pasi ya mbele

Camp alikuwa na mapendekezo yake. Alitaka timu itakiwe kupata yadi 10 badala ya 5 katika majaribio matatu, ili kusukumana tu kusitoshe. Hilo lilikubaliwa. Pia kulikuwa na wazo la kuupanua uwanja kwa futi 40, ili wakimbiaji wapate nafasi pembeni na msongamano wa katikati upungue. Wazo hilo lilikwama kwa sababu isiyohusiana na futiboli kama mchezo: mwaka 1903 Harvard walikuwa wamejenga uwanja mkubwa wa zege, na zege haisogezwi. Uwanja ukipanuliwa, Harvard wangekosa pa kuchezea.

Kwa hiyo kamati ilichagua njia ambayo Camp aliipinga: kuruhusu mpira urushwe mbele kwa mkono. Hata hivyo pasi hiyo ilifungwa kwa masharti mazito. Ikianguka chini bila kuguswa na yeyote, mpira ulikwenda kwa wapinzani. Makocha wengi wa vyuo vya mashariki waliiogopa. Lakini tarehe 24 Novemba 1906, mjini New Haven, Paul Veeder wa Yale alirusha pasi ndefu iliyofungua njia ya alama pekee za siku hiyo, na Yale wakawashinda Harvard 6–0. Kanuni iliyopitishwa kwa shinikizo la Harvard, kinyume na matakwa ya Camp, iliisaidia kwanza timu ya Camp.

Timu bora ya nchi na maandishi

Umaarufu wa Camp kwa watu wasiokwenda viwanjani ulitokana na kalamu. Mwaka 1889 orodha ya wachezaji 11 bora wa nchi ilichapishwa kwa mara ya kwanza katika jarida la Caspar Whitney, na Camp anahusishwa nayo tangu mwanzo. Wote 11 walitoka Harvard, Yale na Princeton. Kuanzia mwaka 1898 alichapisha orodha yake katika jarida la Collier's, na kwa robo karne kutajwa humo ilikuwa heshima kubwa kuliko kikombe. Wasomaji wa magharibi ya nchi walilalamika kwamba Camp huona mbali kiasi cha kufika mto Hudson tu. Polepole orodha ilipanuka. Aliandika pia vitabu vingi, kikiwemo American Football cha mwaka 1891, pamoja na hadithi za vijana kuhusu michezo.

Miaka ya mwisho

Kuanzia mwaka 1908 Harvard ilipata kocha wa kulingana naye, Percy Haughton. Msimu wake wa kwanza walishinda New Haven 4–0. Ushawishi wa Camp juu ya timu ya Yale ulififia kufikia mwaka 1910, na pengo likaonekana: Harvard walishinda 20–0 mwaka 1912, 15–5 mwaka 1913, na tarehe 21 Novemba 1914, siku Yale walipofungua uwanja wao mpya mkubwa wa Yale Bowl, wageni wakawaaibisha wenyeji 36–0. Mwaka uliofuata ikawa 41–0. Yale walipata ushindi tena mwaka 1916, kwa 6–3.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia Camp aliongoza mazoezi ya viungo katika kambi za jeshi la majini. Huko alibuni mfululizo mfupi wa mazoezi 12, ambayo mtu mzima angeweza kuyafanya kwa dakika chache bila kifaa chochote. Baada ya vita yaliuzwa kwa vitabu vidogo na sahani za santuri, na Wamarekani wengi wa miaka ya 1920 walimjua kwa hayo kuliko kwa futiboli.

Hakuacha kuhudhuria vikao vya kanuni, ingawa hakuwa tena mwenye kauli ya mwisho. Mwezi Machi 1925 alikwenda New York kwa kikao cha kamati. Asubuhi ya tarehe 14 hakutokea, wenzake wakamfuata hotelini, na akakutwa amefariki kitandani. Alikuwa na umri wa miaka 65. Alizikwa katika makaburi ya Grove Street, New Haven.

Kumbukumbu

Mwaka 1928 lango kubwa la kumbukumbu lenye jina lake lilizinduliwa mbele ya Yale Bowl, kwa michango ya vyuo na shule nyingi za Marekani. Mwaka 1951 aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa Futiboli ya Vyuo, na tangu 1967 tuzo ya mchezaji bora wa vyuo wa mwaka hutolewa kwa jina lake. Mashabiki wa Harvard wanaokwenda New Haven kwa ajili ya mechi ya mwisho ya msimu hupita mbele ya lango hilo wakielekea uwanjani.